Jicho Moja Bado: Kumuaga Mama Rufaa wa Chumba Namba Tisa

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi, mratibu wetu wa huduma za macho, ambaye hospitali nzima na kliniki zote kumi na moja za mitaani zinamwita Mama Rufaa, anastaafu rasmi Ijumaa tarehe 30 Juni. Anaondoka akiwa na afya njema, sauti ileile, na jicho moja lililokwisha kufanyiwa upasuaji. La pili bado. Kuhusu hilo la pili nitasema zaidi, maana ndilo linalotukosesha raha, na yeye anajua kwamba nitalisema. Ndiyo sababu wiki nzima hii amekuwa akinisalimia kwa mkato.

Kamati ya sherehe imenipa ukurasa mmoja na masharti mawili: niwe na adabu, na nisitie chumvi. Sharti la kwanza nitajitahidi. La pili halina maana, kwa sababu mambo ya Mama Rufaa ukiyaeleza kama yalivyo, watu tayari wanadhani umetia chumvi. Kwa wasionijua, mimi ni karani wa rejesta, niliyekaa naye meza kwa meza miaka kumi na saba. Ukurasa mmoja hautatosha. Wanisamehe.

Alianza kazi akiwa mhudumu wa wodi ya macho, kazi ya kubadilisha mashuka na kuwashika wagonjwa mkono kwenda msalani. Hapo ndipo alipojifunza, kama asemavyo mwenyewe, kwamba mtu asiyeona hasahau sauti ya aliyemgonganisha na mlango. Baadaye akaenda kusomea uuguzi, akarudi na cheti, akapangiwa wodi ileile, yenye kitanda kilekile cha pembeni ambacho mguu wake mmoja ulikuwa umeegeshwa juu ya tofali. Akaandika barua ya kuomba tofali liondolewe na kitanda kitengenezwe. Tofali lipo mpaka leo. Ni moja ya vita vichache alivyoshindwa, na tunamwomba asiliulizie leo mbele ya wageni.

Cheo cha mratibu kilipokuja, kilikuja bila ofisi. Akaoneshwa chumba namba tisa, kilichobanwa kati ya chumba cha kufulia na chumba cha eksirei, ambacho kilikuwa stoo ya viti vya magurudumu vibovu. Dirisha lake pekee linafungukia kwenye mvuke wa mashuka. Kiti cha ofisi hakikuletwa, basi akachagua kimoja kati ya vile vya magurudumu, chenye breki iliyoganda, akakikalia miaka sita. Wakubwa kutoka makao makuu walipoingia waliinama kumpa pole kabla hata ya kumsalimia. Hakuwarekebisha. Alisema mkubwa mwenye huruma hutia sahihi haraka, na kweli, miaka ile sita ndiyo tuliyopata gari, darubini mbili na feni.

Vijana walioajiriwa juzi hawajui hali ilivyokuwa. Kliniki za mitaani zilikuwa zinaandika barua za rufaa, hospitali ilikuwa inasubiri wagonjwa, na katikati palikuwa na shimo lisilo na mwenyewe. Kliniki ilisema imetuma watu arobaini. Hospitali ilisema imepokea sita. Kila upande ulikuwa na hakika kwamba upande wa pili ni wazembe, na pande zote mbili zilikuwa na mihuri ya kuthibitisha hivyo. Mama Rufaa akachukua majina ya wale thelathini na wanne waliopotea, akavaa viatu vya raba, akaenda kuwatafuta.

Aliwakuta majumbani kwao, hawajapotea hata kidogo. Bibi mmoja alikuwa ameitunza barua yake miaka minne ndani ya kopo la biskuti, haina mkunjo, haina doa, akingoja imponye. Aliambiwa kliniki kwamba barua hii ndiyo matibabu yako, naye akaamini, kwa kuwa aliyemwambia alikuwa amevaa koti jeupe. "Niliiweka pakavu, mwanangu," alimwambia kwa fahari. Mama Rufaa akarudi chumba namba tisa, akakaa kwenye kiti chake cha magurudumu akalia. Kisha akapangusa uso, akaomba rula, akaanza kupiga mistari kwenye daftari jipya.

Daftari lile ndilo chimbuko la kila kitu tulicho nacho. Ni madaftari mawili yenye mistari inayolingana, moja linakaa kliniki na moja linakaa kwetu, na kila Jumatatu asubuhi yanasomwa kwa simu, mstari kwa mstari, jina kwa jina, mpaka yakubaliane. Daktari mmoja wa zamani aliwahi kuuliza kama kweli kuna haja ya kupoteza asubuhi nzima namna hiyo. Mama Rufaa alimjibu kwamba hata gunia la viazi likitumwa mjini, kuna mtu anatia sahihi kuwa limefika. Daktari yule hakuuliza tena, na Jumatatu zilizofuata alikuwa akipita mbele ya chumba namba tisa kwa kunyata.

Lakini daftari halikuwatoa watu woga. Wengi walikuwa wanaandikishwa, wanapewa siku, na siku ikifika wanapata udhuru. Mama Rufaa akafikiri, akagundua kwamba mtu haogopi kisu, anaogopa kuwa wa kwanza kukijaribu. Ndipo akaweka sharti ambalo wengine walilicheka: hakuna mgonjwa atakayepanda gari kwenda hospitali bila kusindikizwa na mtu wa kliniki hiyohiyo aliyekwisha kwenda na kurudi anaona. Na katika kila kliniki, iwe kwenye ukumbi wa shule, iwe nyuma ya ghala la ushirika, iwe kile chumba cha sokoni ambacho mlango wake haufunguki mpaka uunyanyue, benchi la mbele ni la waliokwisha fanyiwa upasuaji. Wagonjwa wapya wanakaa wakiwatazama, kadiri wawezavyo kutazama.

Benchi lilifanya kazi kuliko mabango yote ya wizara, ingawa lilileta matatizo yake. Mashahidi walianza kushindana. Mmoja alisema siku hizi anaona saa iliyo mkononi mwa mtu aliye ng'ambo ya barabara. Wa pili akasema yeye anaona na dakika. Wa tatu, bibi aliyekula chumvi nyingi, akasema yeye wageni anawaona tangu wanapofunga mlango kwao. Kliniki ya sokoni ikafika mahali benchi likachagua mwenyekiti na katibu, likaandika barua kudai mito ya kukalia. Mama Rufaa aliwapa mito, kwa sharti kwamba waache kumwambia kila mgeni kwamba jicho linatolewa, linaoshwa kwa maji ya dafu, kisha linarudishwa.

Na nani atasahau mzee muuza mkaa, aliyefunguliwa bandeji asubuhi, akamwona mwanamke mwenye mvi amesimama kwenye kizingiti cha wodi, akainuka kwa heshima zote akasema, "Shikamoo, mama mkwe." Alikuwa mkewe. Alikuwa hajamwona vizuri kwa miaka tisa, na miaka tisa haimsubiri mtu. Mama yule alikaa majuma mawili bila kumsemesha, na ilibidi Mama Rufaa aende nyumbani kwao mara tatu kuratibu na hilo pia. Tangu siku hiyo, kabla ya kufungua bandeji yoyote, muuguzi hutakiwa kumwambia mgonjwa ni nani aliyesimama mbele yake. Wageni kutoka nje wamelisifu sana sharti hilo, wakidhani ni la kitaalamu.

Kuna mgonjwa mmoja tu aliyemtoa jasho kweli, fundi mwashi, ambaye leo ni msemaji mkuu wa benchi la kliniki ya shule. Fundi huyu alimkimbia mara tatu. Mara ya kwanza alitoka kupitia dirisha la choo. Mara ya pili alipoitwa jina lake alisema yeye si yeye, ni ndugu yake. Mara ya tatu Mama Rufaa alimfuata mpaka kwenye nyumba aliyokuwa anaijenga, akamkuta juu ya jukwaa la miti, anapapasa tofali kwa vidole ili ajue limekaa sawa. Akapanda. Na sketi yake ya kazi, na mkoba wake, akapanda mpaka juu, akakaa kando ya ndoo ya udongo, akamwambia kwamba yeye hana haraka, amechukua likizo. Fundi alishuka saa nane mchana. Ule ukuta aliokuwa anaujenga kwa kupapasa bado upo, na ukipita njia ile utaelewa ni kwa nini upasuaji ulihitajika.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Miaka miwili iliyopita, Mama Rufaa alianza kuniambia kwamba mwandiko wangu umeharibika. Wanaonijua wanajua kwamba mimi sina mali nyingine ya kujivunia. Nilifundishwa kuandika na marehemu baba, aliyekuwa karani, na kwa miaka kumi na mitano hakuna aliyewahi kuniomba nimsomee nilichoandika. Basi kila siku nikawa nasikia, "Hebu nisomee hapa, wewe siku hizi unaandika kama unakimbizwa." Niliumia, na sioni haya kusema. Nilibadilisha kalamu. Nilinunua daftari la watoto la mistari miwili, nikawa nafanya mazoezi nyumbani baada ya chakula, mke wangu ananitazama. Mwandiko ukawa mkubwa, ukawa mnene, ukafika mahali jina moja linachukua mistari miwili, na Mama Rufaa bado anasema haufai.

Kila Januari wafanyakazi wote tunapimwa macho, kwa agizo lake mwenyewe. Unasimama kwenye mstari wa rangi sakafuni, unafunika jicho moja, unaelekeza mkono upande ambao miguu ya herufi E imeelekea, kuanzia ile moja kubwa ya juu mpaka zile ndogo za chini. Mama Rufaa alikuwa anafaulu kila mwaka, na kwa kasi kuliko sote. Mwaka huu, ukuta wa chumba cha kupimia ulikuwa umeoshwa, na binti yetu mpimaji, mtu hodari lakini mwenye haraka, aliirudisha chati ukutani juu chini. Herufi kubwa ikawa chini kabisa, na huko juu kukawa na safu ya vijiherufi kama sisimizi. Kila aliyeingia alicheka. Mpimaji akasema atairekebisha saa ya chai.

Kabla ya chai akaingia Mama Rufaa. Akasimama kwenye mstari, akafunika jicho, na fimbo ya mpimaji ilipogusa safu ya sisimizi kule juu, akatangaza ile herufi moja kubwa na upande wake. Fimbo ikashuka, naye akashuka, safu kwa safu, bila kusita, akisoma chati iliyokuwa kichwani mwake tangu enzi zile za mashuka. Alipomaliza akachukua mkoba wake, akasema, "Haya, niandikie," akatoka. Hakuwa ameona hata herufi moja. Alichoona ni kitu cheupe ukutani, na kwa jinsi wanavyosema madaktari, hata huo weupe pengine aliukisia.

Mpimaji alikuja kuniita akiwa ameshika mdomo. Nilipoelewa, nilipatwa na mambo matatu kwa pamoja: nilifurahi kwamba mwandiko wangu mzima, nilikasirika kwa ajili ya yale madaftari ya watoto, na niliogopa. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mtu aliyewapeleka maelfu ya watu kwenye kitanda cha upasuaji alikuwa anaogopa kitanda hichohicho. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na mimi siku zote nilidhani walikuwa wanawasema watu wengine.

Alikana. Alisema mwanga ulikuwa mdogo, kisha akasema ulikuwa mkali, kisha akasema ni uchovu. Tulimwendea mumewe, fundi cherehani, mtu mpole asiyetaka makuu, naye akakiri kwamba tangu mwaka jana ameacha kumpa mkewe kazi ya kupanga nyuzi, kwa kuwa siku moja mke alimpa uzi wa zambarau kwa suruali ya bluu ya mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akaivaa kwenye mahafali. Mume hakusema neno. Binti mpimaji alikuwa na mashaka tangu zamani, hakusema neno. Na mimi nilikuwa nabadilisha kalamu. Watu wote wenye macho tulikuwa tumenyamaza.

Kilichomshinda hakikuwa maneno yetu. Ilikuwa fomu ya mama mmoja msusi, mwenye mtoto wa jicho kwenye jicho la kulia, ambayo Mama Rufaa aliijaza mwenyewe na kutia alama kwenye kisanduku cha kushoto. Hakuna kilichoharibika. Muuguzi wa chumba cha upasuaji humwuliza kila mgonjwa kwa mdomo ni jicho lipi, na huuliza mara mbili, kwa sababu Mama Rufaa ndiye aliyemfundisha kuuliza mara mbili. Kosa liligunduliwa pale pale, fomu ikarudishwa kwetu ndani ya bahasha, bila lawama. Aliisogeza ile karatasi mpaka puani. Kisha akaniomba nifunge mlango.

"Nimekuwa mwoga," alisema, "na woga wangu umeanza kuwafikia watu wengine." Halafu akaomba fomu ya rufaa, tupu.

Msidhani hapo ndipo alipotulia. Alitaka afanyiwe kimyakimya, siku ya Jumamosi, kupitia mlango wa nyuma. Muuguzi wa mapokezi, ambaye alifundishwa naye kwamba bila kadi ya kliniki hapiti hata mama mzazi wa daktari, alimrudisha. Alimrudisha kwa heshima, lakini alimrudisha. Basi Alhamisi iliyofuata Mama Rufaa alikwenda kwenye ukumbi wa shule ulio karibu na kwake, amejifunga mtandio mpaka kwenye nyusi, akachukua namba ishirini na tatu, na kwenye sehemu ya kazi akajiandika mkulima. Alijulikana kabla mwenye namba ishirini na nne hajafika, kwa sababu alinyanyuka akamwonesha mfagizi pembe aliyoiruka.

Tena kulikuwa na sharti la msindikizaji. Fundi mwashi aliposikia, alileta barua ya maombi, ameivalia na shati jipya. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumnyima.

Asubuhi ya safari, Mama Rufaa alishikwa na tumbo. Tumbo lilipopona akakumbuka kuna mgeni anakuja. Mgeni alipokosekana akakumbuka ripoti ya robo mwaka. Fundi mwashi alikaa kwenye ngazi ya mlango wake, akaomba chai, akamwambia kwamba yeye hana haraka, amechukua likizo. Mumewe anasema hajawahi kuona mtu akinywa kikombe kimoja cha chai kwa raha kiasi kile.

Upasuaji wenyewe ulichukua dakika ishirini, na kumi na nne kati ya hizo daktari alikuwa anamwomba anyamaze. Aliulizia dawa za matone kama zimefika, akaulizia idadi ya wagonjwa wa siku hiyo, akataka kujua ni nani aliyepanga zile trei. "Mama," daktari akamwambia hatimaye, "leo hapa wewe ni jicho la kulia tu." Muuguzi anasema hapo ndipo aliponyamaza, na kwamba Mama Rufaa alimshika yeye mkono akauminya mpaka mwisho.

Bandeji ilipofunguliwa, muuguzi alimwambia kwa utaratibu kwamba aliyesimama mbele yake ni mumewe. Mama Rufaa akamtazama kuanzia kichwani mpaka chini, akauliza ni nani aliyemnunulia shati lile. Mumewe akajibu taratibu kwamba alilinunua mkewe huyohuyo, mwaka jana, na kwamba amelivaa miezi minane kwa ajili ya amani ya nyumba. Jumatatu alirudi chumba namba tisa, akafungua daftari la miaka miwili nyuma, akasoma kurasa tano nzima, mkono mmoja umefunika jicho la kushoto. Akasema mwandiko wangu ni mzuri, ila mkubwa mno, ninamaliza karatasi za serikali.

Tunamshukuru kwa mengi. Alipokabidhiwa kazi hii, watu sita kati ya arobaini walikuwa wanafika hospitali. Mwaka jana walifika thelathini na wanane kati ya kila arobaini, na wale wawili tunajua wanakoishi. Chini yake, macho elfu tisa mia nne na kumi na nane yamefanyiwa upasuaji. Yeye huhesabu macho, hahesabu watu, na hapo ndipo penye ugomvi wetu wa mwisho.

Maana katika kila watu kumi waliofanyiwa jicho la kwanza, wanne walikuwa hawarudi kwa la pili. Wakishaona kwa moja huona yatosha. Humimina chai kando ya kikombe, hukosa ngazi ya mwisho, na husema ni bahati mbaya. Mama Rufaa aliwapigia kelele watu hao miaka mingi. Sasa yeye mwenyewe amepewa siku ya jicho la kushoto mara mbili, na mara mbili ameiahirisha: kwanza eti anakabidhi ofisi, kisha eti akishastaafu atakuwa na nafasi. Mwezi uliopita aliikosa ngazi ya chumba cha kufulia, akaja kazini na goti lililovimba, akasema ngazi ndiyo iliyosogea. Na kile alichojipangia kwa maisha ya kustaafu, kama hamjui, ni kukaa kando ya mumewe kwenye cherehani yake mwenyewe, ambayo imeshafika na imeshatiwa mafuta. Sindano ya cherehani haina subira na kidole kilichokosea. Mumewe hasemi neno, kama kawaida yake, ila ameificha sindano.

Kwa hiyo, Mama Rufaa, haya yaliyobaki nakuambia wewe, mbele ya watu wote wenye nakala ya karatasi hii. Hatukuombi uende kwa ajili yetu. Wewe uliwahi kulia kwa ajili ya barua ya bibi mmoja iliyokaa pakavu miaka minne. Nasi hatutaki kukulilia wewe, unayejua barua hiyo ni ya nini. Nimekwisha kuandika jina lako: Jumanne tarehe 4 Julai, jicho la kushoto, gari litafika kwako saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uwe hujala. Daftari letu lina safu ya mwisho, ile ya kuandikia sababu ya kutofika. Mbele ya jina lako nimeifunga kwa rula na wino mweusi, hapana nafasi hata ya neno moja.

Asante kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Asante kwa kila mtu uliyemfuata nyumbani. Maisha mema yanakungoja, ndugu yetu, na sisi tunataka uyaone kwa macho yote mawili.